Kuingia Rahisi, Kutoka Kazi: Mwongozo wa Hesabu za Mabaki na Kuzirudisha Kwenye Bainari

Stoo ina dazeni 37 za vikombe, na pembeni kuna vingine 29 vya moja moja. Vyote ni vingapi? Muuza jumla wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, atakujibu kabla hujatoa simu mfukoni: 473. Mwongozo huu unakupeleka kwenye jibu hilohilo kwa njia ambayo kwako ni ndefu, lakini kwa chipu ya kompyuta inaweza kuwa fupi. Hutashika namba nzima hata mara moja katikati ya hesabu. Utashika mabaki yake tu, utayajumlisha na kuyazidisha, na mwishoni utayarudisha yawe namba ya bainari, yaani ile ya sifuri na moja ambayo kompyuta inaielewa.

Umeandikwa kwa mwanafunzi wa elektroniki au kompyuta pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed, kwa fundi simu wa Mtaa wa Aggrey anayetaka kujua kinachotokea ndani ya anachokifungua kila siku, na kwa mtu yeyote anayeandika programu. Unahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu. Hesabu za darasa la saba zinatosha, mradi unakumbuka KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika.

Shika jambo moja tangu mwanzo: katika mabaki, kujumlisha na kuzidisha ni rahisi mno, lakini kutoka ni ghali. Kwa hiyo chagua mlango wa kutokea kabla hujaingia.

Kwa nini kompyuta ihangaike na mabaki

Jumlisha 58 na 67 kwa mkono. Nane na saba kumi na tano: andika tano, moja kichwani. Tano na sita kumi na moja, na ile ya kichwani kumi na mbili. Tarakimu ya kushoto haikuweza kumaliza kazi yake mpaka ya kulia imalize, kwa sababu ilikuwa inasubiri namba ya kichwani. Ndani ya prosesa ya biti 64 mambo ni hayohayo, ila foleni ni ndefu zaidi. Wahandisi wana mbinu nyingi za kuifupisha, lakini hakuna iliyo bure: unalipa kwa geti nyingi zaidi, kwa umeme mwingi zaidi, au kwa vyote viwili.

Mabaki yanaikata foleni. Badala ya kubeba namba moja kubwa, unabeba vipande vitatu au vinne vidogo, na kila kipande kinafanya kazi yake bila kumsubiri jirani. Hakuna cha kichwani kinachovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Ndiyo maana vipande vyote vinaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja na kijumlishi chake kidogo.

Hatua ya 1: Chagua moduli

Namba utakazogawanyia ili upate mabaki zinaitwa moduli. Masharti ni mawili.

La kwanza, kila jozi ya moduli iwe na KKS ya 1. Si lazima ziwe namba tasa; 8 na 9 si tasa, lakini hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa hiyo zinakubalika. Ukichukua 6 na 8 umekosea, maana zote zinagawanyika kwa 2, na namba mbili tofauti zitakuja na mabaki yaleyale mapema kuliko ulivyotarajia.

La pili, ukizidisha moduli zote, zao lizidi jibu la mwisho unalotarajia. Zao hilo ndilo ukubwa wa uwanja wako. Ukitumia 7, 8 na 9, zao ni 504. Maana yake ni kwamba kila namba kuanzia 0 hadi 503 ina mabaki yake matatu ya peke yake. Kuanzia 504 mabaki yanaanza kujirudia.

Tutatumia 7, 8 na 9, na hatukuziokota barabarani. Nane ni 2 zidisha 2 zidisha 2. Saba imepungua moja, tisa imezidi moja. Familia hii, yaani namba ya kipeo cha 2 pamoja na majirani zake wawili, ndiyo inayopendwa zaidi na wanaotengeneza saketi za mabaki, kwa sababu mlango wake wa kutokea ni wa bei nafuu, kama utakavyoona. Ukitaka uwanja mkubwa zaidi, panda ngazi ileile:

- 15, 16, 17: uwanja wa 4,080
- 31, 32, 33: uwanja wa 32,736
- 255, 256, 257: uwanja wa 16,776,960
- 511, 512, 513: uwanja wa 134,217,216

Kama unahesabu mauzo ya shilingi na jibu linaweza kufika milioni 100, safu ya mwisho inakutosha. Pima uwanja kwa kuangalia jibu la mwisho litakuwa kubwa kiasi gani. Majibu ya katikati ya safari yanaweza kupita uwanja bila madhara, mradi unajumlisha, unatoa na unazidisha tu, na la mwisho linarudi ndani. Kwa mfano, 30 zidisha 20 ni 600, imepita 504. Ukitoa 200 unabaki na 400, na mabaki yatakupa 400 sahihi.

Hatua ya 2: Ingia

Kuingia ni kugawanya na kuandika kinachobaki. Kwa 37: ukigawanya kwa 7 inabaki 2, kwa 8 inabaki 5, kwa 9 inabaki 1. Tunaandika (2, 5, 1), daima kwa mpangilio huo: 7, 8, 9.

Kompyuta haihitaji hata kugawanya. Iandike 37 kwa bainari: 100101. Ikate vipande vya biti tatu tatu kutoka kulia: 100 na 101, yaani 4 na 5. Sasa:

- Baki la 8 ni kipande cha kulia chenyewe: 5.
- Baki la 7 ni jumla ya vipande: 4 na 5 ni 9, toa 7, ni 2.
- Baki la 9 ni kipande cha kulia toa cha kushoto: 5 toa 4, ni 1. Ukipata hasi, ongeza 9. Vipande vikiwa zaidi ya viwili, jumlisha na kutoa kwa kupishana.

Jaribu na 12, ambayo ni 001100: vipande 1 na 4. Unapata (5, 4, 3). Na 29, ambayo ni 011101: vipande 3 na 5. Jumla ni 8, toa 7 inabaki 1. Kipande cha kulia ni 5. 5 toa 3 ni 2. Unapata (1, 5, 2).

Hapo tayari unaona faida ya kuchagua majirani wa 8. Tungechagua 5, 11 na 13, kuingia kungehitaji kazi zaidi.

Hatua ya 3: Fanya kazi ukiwa ndani

Dazeni 37 ni 37 zidisha 12. Zidisha kila baki na mwenzake, na kila jibu lipunguze kwa moduli yake:

- Kwa 7: 2 zidisha 5 ni 10, inabaki 3.
- Kwa 8: 5 zidisha 4 ni 20, inabaki 4.
- Kwa 9: 1 zidisha 3 ni 3.

Unapata (3, 4, 3). Ongeza vile 29 vya moja moja, (1, 5, 2):

- Kwa 7: 3 na 1 ni 4.
- Kwa 8: 4 na 5 ni 9, inabaki 1.
- Kwa 9: 3 na 2 ni 5.

Jibu ni (4, 1, 5). Angalia ulichofanya: hukuzidisha namba yoyote yenye tarakimu mbili, na mstari wa 7 haukuuliza chochote kwa mstari wa 8. Moduli zikiwa ndogo hivi, kuzidisha kunaweza kugeuzwa kuwa jedwali tu. Kwa 7 jedwali zima lina visanduku 49, na chipu inasoma jibu badala ya kulitafuta.

Tatizo ni kwamba mteja hataki kuambiwa una vikombe (4, 1, 5).

Hatua ya 4: Toka

Milango ni mitatu. Jifunze yote, kwa sababu kila mmoja una kazi yake.

Mlango wa kwanza: uzito wa kila baki

Njia hii asili yake ni China. Kitabu cha kale cha hesabu kinachohusishwa na Sun Zi kinauliza: ni vitu vingapi ambavyo ukivihesabu kwa tatu tatu vinabaki viwili, kwa tano tano vinabaki vitatu, kwa saba saba vinabaki viwili? Jibu ni 23. Mwaka 1247 Qin Jiushao aliandika kanuni ya jumla ya kutatua maswali ya namna hiyo, na hadi leo inajulikana kama kanuni ya mabaki ya Kichina.

Kanuni yenyewe: kwa kila moduli, tafuta namba inayobakisha 1 kwake na kubakisha sifuri kwa zile nyingine. Huo ndio uzito wake. Kwa 7, anza na 8 zidisha 9, yaani 72. Hiyo inabakisha 2 ukigawanya kwa 7. Izidishe kwa 4 ili ibakishe 1. Unapata 288. Kwa 8, anza na 63, zidisha kwa 7, unapata 441. Kwa 9, anza na 56, zidisha kwa 5, unapata 280.

Sasa zidisha kila baki kwa uzito wake na ujumlishe: 4 zidisha 288 ni 1,152, 1 zidisha 441 ni 441, 5 zidisha 280 ni 1,400. Jumla 2,993. Toa 504 mara tano, inabaki 473. Ndiyo yenyewe.

Uzuri wake ni kwamba uzito unakokotolewa mara moja tu na kuhifadhiwa, na mazidisho matatu yanaweza kufanyika kwa pamoja. Ubaya wake uko mwishoni: lazima ugawanye jumla kubwa kwa 504. Moduli zikiwa kubwa, kugawanya huko ni kazi nzito inayokula faida yote uliyoipata ndani.

Mlango wa pili: ngazi kwa ngazi

Mtunza stoo huandika hivi: katoni ngapi, dazeni ngapi, na za moja moja ngapi. Kila ngazi ina ukubwa wake, na ukitaka kujua nani ana mzigo mkubwa unaanza kuangalia katoni. Mlango wa pili unayageuza mabaki yawe ngazi za namna hiyo: za moja moja, za saba saba, na za 56 (ambayo ni 7 zidisha 8).

- Ngazi ya kwanza ni baki la 7 lenyewe: 4.
- Ngazi ya pili: chukua baki la 8, toa 4: 1 toa 4 ni hasi 3, ongeza 8, ni 5. Hapa ungetakiwa kugawanya kwa 7, lakini katika mabaki hatugawanyi. Tunazidisha kwa kinyume chake. Kinyume cha 7 kwenye 8 ni 7, kwa sababu 7 zidisha 7 ni 49, inabaki 1. Kwa hiyo 5 zidisha 7 ni 35, inabaki 3.
- Ngazi ya tatu: chukua baki la 9, toa 4: 5 toa 4 ni 1. Zidisha kwa kinyume cha 7 kwenye 9, ambacho ni 4: unapata 4. Toa ngazi ya pili, 3: inabaki 1. Zidisha kwa kinyume cha 8 kwenye 9, ambacho ni 8: unapata 8.

Sasa soma: 4, na 3 za saba saba, na 8 za 56. Yaani 4 na 21 na 448. Jumla 473.

Hapa hakuna kugawanya namba kubwa hata kidogo. Kila hatua inafanyika ndani ya moduli ndogo. Hasara yake ni kwamba ngazi ya tatu inasubiri ya pili, na foleni tuliyoikimbia imerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini njia hii inakupa kitu ambacho mlango wa kwanza hautoi kwa urahisi: ukitaka kulinganisha namba mbili, linganisha ngazi ya juu kwanza, na mara nyingi umemaliza hapo.

Mlango wa tatu: biti tupu

Huu ndio sababu ya kuchagua 7, 8 na 9. Hakuna kuzidisha, hakuna kugawanya. Kuna kuzungusha biti, kupindua biti na kujumlisha.

Yaite mabaki a (la 7), b (la 8) na c (la 9). Biti tatu za mwisho za jibu unazo tayari: ni b. Kilichobaki ni biti sita za juu, tuziite Y. Namba yako ni Y zidisha 8, ongeza b. Ukitafuta Y itakayokubaliana na a na c, unapata kwamba Y ni 36a toa 8b toa 28c, yote ndani ya moduli ya 63, yaani 7 zidisha 9. Usiniamini hivihivi, ijaribu. Ukigawanya kwa 7, 36 inabakisha 1, 8 inabakisha 1 na 28 haibakishi kitu, kwa hiyo Y ni a toa b. Ukigawanya kwa 9, 36 inapotea, 8 ni sawa na hasi 1 na 28 ni sawa na 1, kwa hiyo Y ni b toa c. Vyote viwili ndivyo vinavyotakiwa.

Sasa utamu wenyewe. Ndani ya 63, kwa namba ya biti sita, kuzidisha kwa 2 ni kuzungusha biti hatua moja kushoto, na kuifanya namba kuwa hasi ni kupindua biti zake zote: sifuri kuwa moja, moja kuwa sifuri. Kwa hiyo ile hesabu yote inakuwa mistari minne ya biti sita:

- Mstari wa 1: andika a mara mbili mfululizo, kisha zungusha hatua mbili kushoto. Kwa a ya 4, yaani 100: 100100 inakuwa 010010.
- Mstari wa 2: pindua biti za b, kisha weka 111 upande wake wa kulia. Kwa b ya 1, yaani 001: 110111.
- Mstari wa 3: andika c kwa biti nne, weka 00 kulia. Kwa c ya 5, yaani 0101: 010100.
- Mstari wa 4: andika c kwa biti sita, zungusha hatua moja kulia, kisha pindua zote. 000101 inakuwa 100010, ikipinduliwa 011101.

Jumlisha mistari yote minne. Kwa namba za kawaida ni 18, 55, 20 na 29. Jumla 122, ambayo kwa bainari ni 1111010. Hiyo ina biti saba, na nafasi ni sita. Ile moja inayotokeza kushoto usiitupe: irudishe na uijumlishe upande wa kulia, kwa sababu 64 ukiigawanya kwa 63 inabaki 1. Kwa hiyo 111010 ongeza 1 ni 111011. Hiyo ndiyo Y, yaani 59.

Bandika b mwishoni: 111011 na 001. Jibu: 111011001. Hesabu uzito wake: 256, 128, 64, 16, 8 na 1. Jumla 473. Vikombe vyako hivyo, na tayari viko kwenye bainari.

Ukipanda kwenye moduli kubwa zaidi za familia hii, mapishi hayabadiliki. Ikiwa moduli ya katikati ni 2 kwa kipeo cha n, yaani baki lake lina biti n, mistari inakuwa na biti 2n. A iliyoandikwa mara mbili inazungushwa hatua n toa 1. B iliyopinduliwa inafuatwa na moja zipatazo n. C inasogezwa kushoto hatua n toa 1 kwenye mstari wa tatu, na kuzungushwa hatua moja kulia kisha kupinduliwa kwenye wa nne. Kwa 511, 512 na 513 mistari ni ya biti 18 tu, ingawa jibu linafika milioni 134.

Mitego ya kuangalia

Sifuri inayodanganya. Mtu ana katoni 21, kila moja vikombe 24. Mabaki ya 21 ni (0, 5, 3), ya 24 ni (3, 0, 6). Zidisha: (0, 0, 0). Mashine inasema stoo ni tupu, na kumbe mzigo umejaa hadi dari: vikombe 504, sawasawa na ukubwa wa uwanja. Mabaki hayapigi kelele yakifurika. Pima uwanja kabla, na uache nafasi.

Moja sita mfululizo. Kwenye mlango wa tatu, Y ikitoka 111111 ujue ni sifuri, maana 63 ndani ya 63 ni sifuri. Ijaribu kwa mabaki (0, 0, 0) uone. Saketi au programu isiyoangalia jambo hili itafanya kazi vizuri kwa namba nyingi kisha itakosea kwenye zile ndogo kabisa.

Kulinganisha kwa macho. Sita ni (6, 6, 6), na 441 ni (0, 1, 0). Ukubwa wa mabaki hauelezi chochote kuhusu ukubwa wa namba. Programu inayouliza mara kwa mara kama hiki ni kikubwa kuliko kile haifai kuwekwa kwenye mabaki.

Hasi. Gawa uwanja nusu: 0 hadi 251 ni chanya, 252 hadi 503 ni hasi. Hasi 1 ni (6, 7, 8). Baada ya kutoka, jibu likizidi 251, toa 504 kwake.

Kugawanya. Kuligawa jibu kwa namba yoyote upendayo, kama kutafuta bei ya wastani, si kazi ya mabaki. Toka kwanza, gawanya nje.

Kabla hujakiamini kigeuzi chako, andika programu fupi ipite kila namba kutoka 0 hadi 503: iingize, iitoe kwa milango yote mitatu, ilinganishe. Namba 504 ni chache. Hakuna sababu ya kujaribu baadhi tu.

Baki kama mlinzi

Piga *#06# kwenye simu yoyote. Namba ya IMEI inayotokea ina tarakimu 15, na ya mwisho ni mlinzi. Chukua 490154203237518, mfano unaotumika sana kufundishia. Kutoka kushoto, ongeza maradufu tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hadi ya 14; ukipata namba ya tarakimu mbili, jumlisha tarakimu zake. Tarakimu 14 za kwanza zinatoa 52. Ukiongeza mlinzi, 8, unapata 60, na 60 kwa 10 haibakishi kitu. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kuandika, baki linajitokeza. Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchini na kuwataka watu wahakiki kwa kutuma IMEI kwenda 15090, namba hizo ndizo zilizokuwa zinasomwa kwenye kaunta za simu Kariakoo. Kumbuka mpaka wake: mlinzi huyu anakamata kosa la kuandika tu, hathibitishi kwamba simu ni halali.

Mfumo wa mabaki unaweza kuwa na mlinzi wa aina hiyo, tena anayefanya kazi wakati hesabu inaendelea. Ongeza moduli ya nne, 11, iliyo kubwa kuliko zote tatu na yenye KKS ya 1 na kila moja. Ikokotoe sambamba na nyingine. Kwa 473 baki la 11 ni 0, kwa hiyo unabeba (4, 1, 5, 0). Tuseme hitilafu imegeuza 4 kuwa 6. Ukitoka kwa (6, 1, 5) unapata 41, na 41 kwa 11 inabakisha 8, si 0. Umekamata kosa. Mlinzi mmoja anakuambia kuna kosa; ukitaka ajue pia liko wapi ili alisahihishe, weka wawili.

Itumie wapi, iache wapi

Wazo la kujenga kompyuta juu ya mabaki lilishika kasi miaka ya 1950. Antonín Svoboda na Miroslav Valach walilifanyia kazi huko Chekoslovakia, na Harvey Garner akalichapisha Marekani mwaka 1959. Mlango wa pili hadi leo huitwa kwa jina lake. Miaka ya 1960 Wasovieti walijenga kompyuta ya K-340A juu ya mabaki. Hata hivyo prosesa za kawaida hazikufuata njia hiyo, kwa sababu programu za kawaida zinalinganisha na kugawanya kila wakati, na kila mara hiyo ni safari ya kwenda mlangoni.

Mahali mabaki yalipobaki ni pale kazi ya ndani ni ndefu na kutoka ni mara chache. Kuchuja sauti na mawimbi ni mfano mmoja: mamia ya kuzidisha na kujumlisha, kisha jibu moja. Usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977, ni mwingine. Seva yenye ufunguo wa siri hufanya hesabu yake kwa mabaki ya namba tasa mbili kubwa, kisha hutoka kwa njia ya Garner, na kazi huisha kwa takribani robo ya muda. Mwaka 1997 Boneh, DeMillo na Lipton walionyesha hatari yake: baki moja likikosewa na jibu bovu likatolewa nje, mtu anaweza kulitumia kuupata ufunguo wa siri. Ndiyo maana programu makini huhakiki jibu kabla ya kulitoa. Na siku hizi maktaba za kukokotoa data ikiwa bado imesimbwa, kama SEAL ya Microsoft, hukata namba zao ndefu mno kuwa mabaki yanayoenea kwenye prosesa ya biti 64.

Kanuni ya kuamua ni hii: hesabu ni mara ngapi utazidisha na kujumlisha kabla hujalazimika kulinganisha, kugawanya au kuonyesha jibu. Zikiwa mamia, ingia kwenye mabaki. Zikiwa mbili au tatu, kama vikombe vyetu, baki kwenye bainari; tulivitumia kujifunzia tu.

Zoezi

Boksi 26 zina sahani 18 kila moja. Ingia kwa 7, 8, 9, zidisha, kisha utoke kwa mlango wa tatu. Usisome chini mpaka umalize.

Majibu ya kujipima: 26 ni (5, 2, 8) na 18 ni (4, 2, 0). Zao ni (6, 4, 0). Mistari minne ni 011011, 011111, 000000 na 111111. Jumla ni 1111001; rudisha moja iliyotokeza, unapata 111010. Bandika 100 mwishoni: 111010100, yaani 468. Ukipata tofauti, anza kuangalia mstari wa nne. Wengi husahau kwamba c ikiwa sifuri, kuipindua kunatoa moja sita.